Kumjua Yesu kwa karibu: maswali ninayoulizwa kila wiki hapa Goma

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama, nafundisha darasa la ubatizo katika kartie (mtaa) moja ya Goma, mashariki mwa Kongo, huku nyumba zetu zinakosimama juu ya mawe meusi ya volkeno. Maswali haya nimeulizwa baada ya ibada, kwenye simu usiku, na mengine kando ya ziwa tukingoja zamu ya maji. Nimeyaandika jinsi yalivyotoka midomoni mwa watu. Pale ninapotaja Neno, nimeweka sura ili ufungue ujisomee.

Nimekulia kanisani, naimba korali, natoa sadaka. Huo si uhusiano na Yesu?

Unaweza kuwa ndio, na unaweza usiwe. Mtoto anaweza kukaa nyumba moja na baba yake miaka 20, akala bugali wake, akavaa jina lake, na asimwambie hata siku moja kilicho moyoni. Ni mtoto wa nyumba, lakini baba ukimwuliza mwanao anaogopa nini, hana la kujibu.

Usiku wa mwisho kabla ya kukamatwa, Yesu aliwaambia wanafunzi kwamba yeye ni mzabibu na wao ni matawi, na neno alilolirudia tena na tena ni "kukaa" (Yohana 15). Kukaa ndani yake. Mizabibu hatuna huku, lakini migomba tunayo: tazama chipukizi linavyoishi kwa shina la mama kabla halijawa na mizizi yake. Likitengwa mapema linanyauka, hata udongo uwe mzuri namna gani.

Mimi nilibatizwa nikiwa na miaka 14. Kumjua Yesu kulikuja miaka mingi baadaye, usiku mmoja nilipomwambia ukweli kwa mara ya kwanza: kwamba nimechoka, na kwamba nimechoka hata na yeye. Niliogopa nilipomaliza kusema. Kisha nikalala usingizi mzito, kama mtu aliyetuliwa bidoni ya maji mgongoni. Tangu wakati ule nawafundisha watu mambo mawili tu: mwambie Yesu ukweli wako wa leo, halafu tii neno moja alilokuonyesha. Utaona majibu yangu mengi hapa chini yanarudi palepale.

Nianze kusoma Biblia wapi? Kila mara naanza Mwanzo, nafika Walawi, nachoka.

Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16, ndiyo fupi kuliko Injili zote nne, na Yesu ndani yake hapumziki: anatembea, anagusa wagonjwa, anakasirika, anasinzia kwenye mashua. Sura moja kwa siku, na wiki ya tatu hujaimaliza umefika kaburi tupu. Kisha nenda Yohana. Zaburi weka pembeni, soma moja kila usiku. Ufunuo usubiri, najua ndicho kitabu vijana wanachokipenda, hasa mlima unapowaka, lakini ukikifungua kabla hujamjua Mwana-Kondoo mwenyewe utabaki na wanyama wenye pembe tu.

Soma kwa lugha unayoota nayo ndoto. Wengi wetu tulisoma shule kwa Kifaransa, na wengine wanaona Biblia ya Kiswahili ni ya wazee. Lakini ukipata msiba unalia kwa lugha gani? Hiyo ndiyo yako. Ikiwa ni Kinande, Mashi au Kinyarwanda, Biblia zake zipo.

Na usikimbie. Darasani tunachukua habari moja, tunaisoma mara tatu, kisha kila mtu anasema ni nani ndani ya habari ile anayefanana naye. Juzi tulisoma mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 na kugusa vazi la Yesu kwa siri (Marko 5). Binti mmoja, ambaye kwa miezi minne hakuwahi kufungua mdomo, alisema: "Mimi ni yule mama, lakini bado sijanyoosha mkono." Tulifunga vitabu. Hakuna aliyetaka kuongeza neno.

Tunaishi watu tisa katika vyumba viwili. Yesu anasema ingia chumbani mwako ufunge mlango. Chumba kipi?

Swali hili nalipenda, maana waliomsikiliza Yesu nao walikuwa watu wa nyumba ndogo. Neno lililoandikwa pale Mathayo 6:6 kwa Kigiriki ni la chumba cha kuwekea akiba, stoo kwa maneno mengine: mahali pa unga na maharagwe. Hata hicho wengine hawakuwa nacho. Na Yesu mwenyewe, Marko 1:35, aliamka alfajiri kungali giza akatoka nje kutafuta mahali pa upweke, kwa sababu nyumba aliyolala ilikuwa imejaa na watu walikuwa wamesongamana mlangoni tangu jioni.

Kuna mama mmoja ninayemwona karibu kila siku ziwani. Saa 11 alfajiri anashuka na bidoni yake ya njano, anaiweka kwenye mstari nyuma ya nyingine, kisha anakwenda kukaa juu ya jiwe kubwa, hatua kumi hivi kutoka kwetu, anageukia maji. Anavuta kikwembe mpaka juu ya kichwa. Midomo yake inacheza, sauti haitoki. Sisi tunapiga gumzo, bidoni zinasogezwa kwa mguu, watoto wanarushiana maji, na yeye yuko pale. Zamu yake ikifika, jirani anamgusa bega. Anashusha kikwembe, anachota, anapanda na maji mgongoni. Mlango wake ni kile kitambaa. Hakuna mtu kwenye mstari ule anayethubutu kumkatiza kabla ya zamu.

Kwa hiyo tafuta kikwembe chako. Kwa mwingine ni dakika za kuwasha mbabula, jiko la makaa, kabla nyumba haijaamka, kwa kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ni mteremko ambao hana mzigo. Chagua saa moja na mahali pamoja, ushike hapohapo mwezi mzima. Dakika 10 za kila siku zitakufikisha mbali kuliko mkesha mmoja wa mwaka.

Nikipiga magoti maneno yanakwisha. Niseme nini?

Kule Yeriko, Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu aliona. Bado Yesu alimwuliza: unataka nikufanyie nini? (Marko 10). Alitaka kusikia kutoka kwake. Basi na wewe taja jambo lenyewe kwa jina lake. Usiseme "Bwana, bariki shughuli zangu" wakati kinachokunyima usingizi ni deni la mama mwenye duka. Sema deni, sema kiasi, sema unavyopita njia ya nyuma ili asikuone. Kama una hasira, sema una hasira. Kama huna imani ya kutosha, kuna baba mmoja alilia mbele ya Yesu kwamba anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake (Marko 9:24). Mtoto wake aliponywa siku ileile.

Ukimaliza, kaa kimya kidogo. Sisi watu wa maombi ya sauti tunasahau sehemu hiyo.

Je, lazima nifunge? Lazima niombe kwa kelele?

Kelele si lazima. Hana aliomba midomo ikicheza tu, mpaka kuhani akamdhania mlevi (1 Samweli 1), na Mungu alimsikia.

Kufunga kuna faida: kunakuonyesha ni nini kinachokutawala. Lakini soma kwanza Isaya 58, uone funga ambayo Mungu anaitaka ina mkate wa mwenye njaa ndani yake. Na nasema haya kama mama: mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye kisukari, anayemeza dawa za kila siku, asifunge chakula wala asiache dawa kwa sababu ya mkesha. Funga simu. Funga masengenyo. Kwa wengine hiyo ni ngumu kuliko siku tatu bila kula.

Mtumishi mmoja ana neno langu kutoka kwa Bwana, lakini anataka nitoe kitu kwanza.

Usitoe.

Nitakuambia kwa nini nasema kwa ukali. Mwanangu wa pili alipokuwa mdogo alipata homa kali. Nilikwenda chumba cha maombi, mtumishi akaniambia kuna mlango umefungwa katika ukoo wetu na utafunguka kwa dola 50. Zilikuwa pesa zangu za likelemba, mchango wa kupokezana, nilizipokea wiki ileile. Nilitoa. Nilikaa siku nne nikingoja mlango, huku mtoto akiishiwa nguvu, mpaka shemeji yangu akambeba kwa nguvu kumpeleka kituo cha afya. Ilikuwa malaria. Ningeweza kumzika kwa ajili ya utii wa namna ile, na hadi leo nikimwona akicheka mlangoni nakumbuka zile siku nne.

Simoni wa Samaria alipotaka kununua karama kwa fedha, Petro alimkemea vikali (Matendo 8). Yesu alipowatuma wanafunzi wake aliwaambia walipewa bure, watoe bure (Mathayo 10:8). Sadaka ni kitu kizuri, natoa kwa furaha, lakini sadaka haina bei iliyoandikwa juu yake. Na anayekuweka mbali na Yesu, ukawa huwezi kumsogelea Bwana bila kupitia kwake, anakuibia kuliko zile dola.

Tumezika watu wengi. Naomba, naona Mungu yuko kimya. Je, ameniacha?

Ndugu yangu, dada yangu, hapa sitaki kukujibu haraka.

Mji wetu una tarehe ambazo hakuna haja ya kuzieleza. Januari 2002 na Mei 2021, moto ulipotoka Nyiragongo, mlima wetu wa volkeno. Oktoba 2024, chombo kilichotoka Minova kilipozama mbele ya bandari ya Kituku, watu wakitazama kutoka nchi kavu, karibu kiasi cha kuona nguo za waliokuwa ndani. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, siku zile tulizolala sakafuni na watoto chini ya magodoro. Kila aliyeniuliza swali hili alikuwa na mojawapo ya tarehe hizo machoni.

Jambo la kwanza: kulia na kulalamika mbele za Mungu si dhambi. Zaburi ya 13 inaanza kwa kuuliza "hata lini" mara nne mfululizo. Zaburi ya 88 inakwisha gizani kabisa, haina mstari wa furaha mwishoni, na bado imewekwa katika Biblia. Aliyeiandika alikuwa hana jibu, lakini alikuwa bado anaongea na Mungu. Ukiweza hilo tu, hujamwacha Yesu, na wala hajakuacha.

Jambo la pili ni ile habari ya Marko 4. Ziwa la Galilaya ni dogo, urefu wake kilomita karibu 21. Kivu letu ni kama mara nne ya hapo. Lakini anayesafiri kwa pirogi, mtumbwi wetu, kutoka kisiwa cha Idjwi anajua kwamba upepo ukigeuka ghafla, ukubwa wa ziwa hauulizwi. Wanafunzi walikuwa wavuvi, walijua maji, na waliogopa kweli. Yesu alikuwa nyuma ya chombo, amelalia mto. Walimwamsha kwa maneno ya uchungu: hujali kwamba tunaangamia? Naliheshimu sana swali lile. Yesu alikemea upepo kwanza, ndipo akazungumza nao habari ya imani yao. Hakuwaacha wazame kwa sababu walimwamsha vibaya.

Najua utaniambia: kwetu chombo kilizama. Ndiyo. Sina maneno ya kufunika hilo, na anayekuambia waliokufa walikosa imani anasema uongo juu ya marehemu wetu. Ninachoshika ni Yohana 11: Yesu alijua anakwenda kumfufua Lazaro, na bado, kabla ya kufika kaburini, alilia machozi. Angeweza kupita moja kwa moja kwenye muujiza. Alilia kwanza, pamoja na Mariamu. Miezi mingine sala yangu yote imekuwa kukaa karibu na huyo anayelia, bila kuomba lolote.

Na usikae peke yako. Kama hulali, kama unaona bora ufe, mwambie mtu leo, mama mchungaji, padri, muuguzi. Hao nao ni mikono yake.

Nimeanguka tena katika dhambi ileile. Naona aibu kumrudia.

Petro alimkana Yesu akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu (Yohana 18:18). Baada ya ufufuo, alfajiri kando ya ziwa, Yesu aliwasha moto, akaweka samaki juu yake, akawaita waje wale (Yohana 21). Neno la Kigiriki la moto huo wa makaa linaonekana mara mbili tu katika Agano Jipya lote: usiku wa kukana na asubuhi ya kurudishwa. Wewe uliyekulia Goma unaijua harufu ya makala, yaani makaa, asubuhi, inakaa kwenye nguo mchana kutwa. Petro aliposogea, harufu ilimkumbusha kila kitu. Pale pale Yesu alimlisha kwanza, kisha akamwuliza mara tatu kama anampenda. Hakumwuliza ilikuwaje akakana.

Basi rudi leoleo, usingoje ujisikie safi. Na tafuta mtu mmoja mwaminifu umwambie. Wazee wa Uamsho, ule ulioanza miaka ya 1930 Gahini, Rwanda, ukavuka mipaka yote ya Afrika Mashariki, waliita jambo hili kutembea nuruni: kukiri waziwazi, kurudisha ulichoiba, kuomba radhi kwa jina. Wakatoliki wana kitubio. Dhambi inayofichwa hunenepa.

Kazini kwangu bila matabishi (hongo) huendi mbele. Mambo ya Yesu ni ya moyoni, au yanafika mpaka pale?

Yanafika mpaka pale, na Goma imetoa shahidi. Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa Juni 1981, akasoma sheria, akawa mkaguzi wa bidhaa mpakani. Alikuwa Mkatoliki wa jumuiya ya Sant'Egidio, na muda wake aliutumia kwa watoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo na kuwapita. Ulipokuja mchele ulioharibika, alipewa pesa ili aufumbie macho. Alikataa, watu wasije wakala sumu. Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenye Heri huko Roma.

Mimi ni Mprotestanti, na nafundisha habari zake kila mwaka. Ninachotaka vijana wakione ni kwamba siku ya mchele hakuwa na wakati wa kuanza kumtafuta Yesu. Alikuwa amezoea kuongea naye, na amezoea kumtii katika mambo ambayo hakuna aliyeyaandika, kama kukaa na mtoto mchafu na kumsaidia kusoma. Wewe labda hutakutana na shehena ya mchele. Utakutana na kopo la kupimia unga ambalo chini yake limebonyezwa ndani. Linyooshe kesho asubuhi kabla ya mteja wa kwanza. Hiyo ni sala.

Siwezi kumsamehe aliyetufanyia ubaya ule. Yesu atanikataa?

Mwambie hivyohivyo: siwezi. Ni sala ya kweli kuliko "nimesamehe" ya mdomoni. Msalabani Yesu alimwomba Baba awasamehe waliomsulubisha (Luka 23:34). Anza kwa kumwomba yeye alibebe neno hilo mpaka siku utakapoweza kulitamka.

Na kusamehe hakufuti haki. Mama aliyebakwa haambiwi anyamaze kwa jina la Yesu. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, amewatibu wanawake hao kwa maelfu na bado anadai mahakama zifanye kazi. Sioni mgongano wowote.

Mimi ni Mkatoliki, mume wangu ni wa CEPAC, kanisa la Kipentekoste. Tunaweza kuomba pamoja?

Mnaweza, na mnapaswa. Someni Injili moja, ombeaneni kwa majina ya watoto wenu. Yanayowatenganisha yapo, lakini hayazuii Baba Yetu kabla ya kulala.

Kanisani kuna ugomvi wa vyeo na makabila. Si bora nibaki na Yesu wangu nyumbani?

Nakuelewa; nami niliwahi kukaa nyumbani miezi sita. Nilichokiona ni kwamba Yesu wangu wa nyumbani alianza kukubaliana na mimi katika kila kitu. Rudi, hata kama ni kwenye kikundi kidogo, shirika au familia ya maombi ya avenyu yenu. Aliyesema anampenda Mungu na huku anamchukia ndugu yake, Yohana anamwita mwongo (1 Yohana 4:20), na ndugu huyo utamkutia wapi kama hutoki?

Mama yangu hajui kusoma, ana miaka zaidi ya 70. Anataka kumjua Yesu zaidi. Amechelewa?

Hapana. Waliomfuata Yesu wengi hawakuwa wamesoma. Mchukulie Zaburi ya 23, mistari sita, mfundishe mmoja kila wiki kwa sauti, akiwa anachambua maharagwe au sombe (majani ya muhogo). Kwenye simu zipo Injili za kusikiliza kwa Kiswahili. Zikishapakuliwa hazili mega. Mjukuu anayesoma shule amsomee habari moja jioni, kisha bibi aisimulie upya kwa maneno yake. Mjukuu atafaidika kuliko anavyodhani.

Darasani kwangu wapo wawili wa umri huo. Wanakaa mbele kwa sababu masikio yamepungua. Mlete Jumamosi baada ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, umpe kitu cha kufunika magoti, maana upepo wa ziwa unaingia kwenye dirisha lile ambalo bado halina kioo.